Konokono Mgeni Hapigi Hodi



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, kuhara, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Leo tunaomba ruhusa ya kumzungumzia kiumbe ambaye wengi wetu humpita bila kumtazama, yaani konokono wa majini. Hatutaki tu kuwakumbusha kwamba konokono anaeneza kichocho, maana hilo mlilisoma darasani. Tunataka kusema jambo ambalo kwa maoni yetu halijasemwa vya kutosha hapa Mpanda na katika mkoa mzima wa Katavi. Konokono hawafanani hata wanapoonekana kufanana, na dumu moja la maji linalohamishwa kutoka bonde moja hadi jingine linaweza kuleta ukoo mpya wa konokono ambao watoto wetu wataulipia.

Msimu mmoja wa mvua tulikwenda kutoa elimu ya afya katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Tulikuta watu wamekusanyika kwa furaha kando ya bwawa jipya la samaki, kwa sababu vifaranga vya perege vilikuwa vimefika siku ile kwa pikipiki, ndani ya madumu, kutoka mbali. Juu ya maji waliweka majani mabichi ya mtoni ili vifaranga vipate kivuli. Mmoja wetu aliyageuza yale majani. Kwa chini walikuwa wameshikamana konokono wadogo, pamoja na utelezi wenye mayai yao. Tukaomba majani yatupwe na maji yachujwe kwanza. Mzee mmoja wa kamati alitucheka kwa upole akasema, "Masista, konokono hapa tunao tele. Hawa watatu wataongeza nini?"

Hatukuwa na jibu fupi la kumpa. Vifaranga vikamwagwa bwawani pamoja na majani na konokono wake. Makala hii ndiyo jibu letu kwa mzee yule.

KICHOCHO KWA KIFUPI

Mgonjwa wa kichocho anapokojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa na kutoa kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho kina muda wa kama siku moja tu kumpata konokono wa kumwingia. Kisipompata, kinakufa. Kikimpata, kinazaana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa vijidudu vipya kwa mamia au maelfu kila siku, hasa jua linapokuwa kali. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtoto anayeogelea, ya mama anayefua au ya mkulima anayepandikiza mpunga.

Kichocho cha mkojo huletwa na konokono wa jamii ya Bulinus. Ukimshika ncha ya gamba ikiwa juu, mdomo wake uko upande wa kushoto. Kichocho cha matumbo huletwa na konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambaye gamba lake ni bapa, limejiviringisha kama kamba iliyolazwa chini. Pasipo konokono hawa, hata mgonjwa akijisaidia mtoni hatamwambukiza jirani yake.

Mjue pia kwamba kichocho cha mkojo hakiishii kwenye mkojo wenye damu. Kwa wanawake mayai hukwama katika viungo vya uzazi na kuleta majeraha, maumivu na damu. Wako akina mama waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa, wakagombana na waume zao na kusemwa vibaya mtaani, kumbe walikuwa wakilima majaruba tu.

WANAFANANA, LAKINI SI NDUGU

Sasa tumjibu yule mzee. Je, konokono ni konokono tu? Tuwapeleke Zanzibar.

Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba katika kisiwa cha Unguja kichocho cha mkojo kinawasumbua watu wa kaskazini na katikati, lakini si wa kusini, ingawa konokono wa jamii ya Bulinus walionekana pande zote. Kwa macho walifanana sana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Zanzibar, wakisaidiana na wenzao wa London, walichunguza chembe za urithi za konokono hao, zile ambazo siku hizi huitwa vinasaba. Wakakuta kwamba ni aina mbili. Wa kaskazini na katikati ni Bulinus globosus, anayepokea vijidudu vya kichocho. Wa kusini ni Bulinus nasutus, ambaye kule Unguja haonekani kueneza ugonjwa huo. Gamba lilificha tofauti, damu ikaifichua.

Fikirini maana yake. Mtu wa kusini akijaza dumu lake kaskazini akalimwaga nyumbani, ataapa kwamba hakuleta kitu kipya, kwa kuwa konokono kama wale anao. Kumbe ameleta ugonjwa.

Jambo kama hilo limeonekana karibu nasi zaidi. Katika Ziwa Nyasa wapo konokono warefu wenye ncha kali kama msumari wa parafujo, waitwao Melanoides tuberculata. Konokono hao ni wenyeji wa Afrika. Lakini mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba wengi wa wale walioonekana ziwani humo walikuwa na damu ya Asia. Wageni walikuwa wameingia na kuenea, na hakuna aliyewagundua, kwa sababu walivaa gamba linalofanana na la wenyeji. Ndiyo maana tunasema konokono mgeni hapigi hodi.

UKOO MMOJA NA KOO NYINGI

Mkulima ataelewa haraka jambo linalofuata. Ukipanda shamba zima kwa mbegu ya aina moja, ugonjwa mmoja unaweza kulimaliza lote. Ukichanganya mbegu za aina nyingi, ugonjwa utaua hii, jua litaua ile, lakini haitakosekana itakayobaki. Kwa mahindi tunaita baraka. Kwa konokono ni balaa.

Konokono wengi wa kichocho wana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na mmoja akikosa mwenzake anaweza kujizalisha mwenyewe. Yule mwenye gamba la parafujo anazaa hata pasipo dume. Kwa hiyo bwawa zima linaweza kujaa wazao wa konokono mmoja aliyekuja juu ya jani moja. Wazao hao watakuwa karibu sawa katika urithi wao, wenye nguvu zilezile na udhaifu uleule. Lakini wakija wengine kutoka bonde jingine, na wengine tena mwaka unaofuata, koo zinachanganyika. Atapatikana anayevumilia ukame, na mwingine anayevumilia maji machafu. Na kwa kuwa urithi wa konokono ndio unaoamua kama kijidudu cha kichocho kitamwingia au kitashindwa, anaweza pia kupatikana anayekipokea kwa urahisi kuliko wenyeji wote.

Mfano unaojulikana sana ni wa kisiwa cha Martinique, katika bahari ya Karibi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 yule konokono wa parafujo aliingia kule, tena si mara moja. Watafiti waliochunguza urithi wao walikuta koo kadhaa zilizotoka sehemu mbalimbali za dunia, na koo mpya zilizotokana na kuchanganyika kwao kisiwani. Wengi hudhani kwamba mgeni anayeingia kisiwani huwa dhaifu kwa sababu wameingia wachache. Pale ilikuwa kinyume. Kuingia mara nyingi kuliwaongezea utajiri wa urithi, wakaenea.

Lakini tusije tukajifariji kwamba ukoo mmoja hauna madhara. Yupo konokono mmoja mdogo kutoka Amerika, aitwaye Pseudosuccinea columella, anayeeneza minyoo ya ini ya ng'ombe na kondoo. Ameenea katika mabara mengi, likiwemo letu, na walipochunguzwa, wale waliotapakaa duniani walionekana kuwa karibu ukoo mmoja tu. Basi mgeni mmoja anatosha kuanzisha tatizo, na wengi wakija kwa zamu hulikomaza.

KATAVI NAYO NI VISIWA

Mtasema, Martinique na Unguja ni visiwa, sisi tuko bara. Lakini kwa konokono wa majini, kisiwa si nchi kavu iliyozungukwa na maji. Kwake kisiwa ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Kila lambo la ng'ombe, kila bwawa la samaki na kila bonde la mpunga katika mkoa wetu ni kisiwa chake. Peke yake hawezi kuvuka pori la miombo. Huvushwa na mafuriko, na ndege, na zaidi ya yote na sisi wenyewe, kwa madumu, nyavu, miche na tope la magurudumu ya pawatila.

Tena visiwa vyetu vina milango. Maji ya mto Katuma hupita katika mbuga ya Katavi hadi kuelekea Ziwa Rukwa. Maji ya Ugalla huingia Malagarasi na kumwagika Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo Mwenyezi Mungu amelijalia konokono wasiopatikana popote pengine duniani. Kinachomwagwa katika kijiji kimoja leo hakitabaki katika kijiji hicho.

Historia yenyewe inatufundisha. Wanasayansi wanaona kwamba konokono wetu wa kichocho cha matumbo wana asili ya Amerika, na kwamba walivuka kuja Afrika zamani sana, kabla ya kumbukumbu yoyote ya binadamu. Minyoo yenyewe ilikwenda upande wa pili karne chache tu zilizopita, ndani ya miili ya Waafrika waliouzwa utumwani. Walipofikishwa kule, konokono wa jamii ileile walikuwa wakingoja majini. Hivyo kichocho cha Brazili na cha visiwa vya Karibi ni alama ya dhambi ile hadi leo.

TUSITAFUTE NJIA YA MKATO

Msomaji makini atauliza swali. Kule Martinique yule mgeni wa parafujo aliwasonga konokono wa kichocho hadi wakapungua sana, na ugonjwa ukarudi nyuma. Kwa nini nasi tusilete konokono wa kupambana na konokono?

Ni swali la haki, na hapa nchini limewahi kujaribiwa. Konokono mmoja mkubwa wa Amerika Kusini, aitwaye Marisa, aliyetumika huko Puerto Rico dhidi ya konokono wa kichocho, aliwekwa katika bwawa moja la kaskazini mwa Tanzania. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1982 ilisema kwamba konokono wa kichocho na wa minyoo ya ini walitoweka katika bwawa hilo. Hatuwezi kukana kwamba jaribio lile lilifaulu pale.

Pamoja na hayo, maoni yetu ni kwamba Katavi isifuate njia hiyo. Bwawa moja lenye watafiti wa kulilinda si sawa na mabonde yetu yaliyounganishwa na mafuriko ya masika. Mgeni akishatoka bwawani, hakuna amri ya serikali wala ya Kanisa itakayomrudisha. Tazameni yaliyowapata wakulima wa Asia. Karibu na mwaka 1980 konokono mkubwa wa tufaha alipelekwa huko kutoka Amerika Kusini ili afugwe kwa kitoweo. Biashara haikufaulu, konokono wakaachwa, wakaingia majaruba na kula miche michanga ya mpunga katika nchi nyingi. Mwaka 2020 konokono huyo alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya. Mwea si mbali. Mkulima wa Mpimbwe au wa Mwamkulu anapaswa kulijua jina hilo kabla hajalipa hasara yake.

Na wale wanaofikiria kumwaga sumu ya shambani bwawani tunawasihi waache. Hata ile dawa maalumu ya kuulia konokono huua samaki pia, na hutumiwa na wataalamu waliofundishwa.

DAWA ZA SHULENI ZINATOSHA?

Wengine watatuambia, "Watoto wanapewa dawa shuleni, ninyi mnahangaika na konokono wa nini?" Tunazishukuru dawa zile. Tumeona kwa macho yetu mkojo wa damu ukisafika. Mzazi asimzuie mtoto siku ya kumeza dawa, ila ahakikishe amekula kwanza. Lakini prazikwanteli huua minyoo iliyo mwilini. Haimgusi konokono aliyeko mtoni wala haimkingi mtoto anayerudi kuoga palepale jioni. Tunaye kijana mmoja tuliyempa dawa mara tatu katika miaka michache. Kila mara alipona, na kila mara bonde lilelile lilimrudisha kwetu.

Zanzibar walipiga hatua zaidi yetu. Kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa, watu wa Unguja na Pemba walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, watoto kwa watu wazima. Katika baadhi ya sehemu konokono waliuawa kwa dawa, na kwingine ilitolewa elimu ya pekee. Ugonjwa ulipungua sana, lakini haukung'oka kabisa. Katika maeneo machache uliendelea kuchipuka. Ikiwa hali ni hiyo visiwani, ambako eneo ni dogo na watafiti wengi, sisi wenye mabonde mapana tusijidanganye kwamba kidonge peke yake kitatukomboa.

MAONI YETU

Tunaomba mambo yafuatayo yajadiliwe katika Jumuiya Ndogondogo, katika vikao vya WAWATA, na katika kamati za mabwawa na skimu za mpunga:

1. Vifaranga vya samaki visafirishwe bila majani ya mtoni. Vikifika, vichotwe kwa wavu safi na kuingizwa bwawani bila maji vilivyokuja nayo. Maji hayo yamwagwe nchi kavu, mbali na mfereji. Anayefanya kazi hiyo asiingize mikono mitupu majini.

2. Miche ya mpunga iandaliwe katika kitalu cha bonde lilelile. Ikilazimu kuitoa mbali, ioshwe na kukaguliwa shina kwa shina.

3. Nyavu, buti na pawatila visafishwe tope na kuanikwa juani kabla ya kuhamia bonde jingine. Msidharau tope kavu, maana wapo konokono wanaojificha humo kiangazi chote wakingoja mvua.

4. Ukiona mayai ya rangi ya waridi yameganda kwa vishada kwenye mashina ya mpunga, juu ya usawa wa maji, usinyamaze wala usiyabebe kuwaonyesha wenzako. Mwite afisa ugani siku hiyohiyo ili awaarifu wataalamu wa afya ya mimea.

5. Kila familia iwe na choo na ikitumie, hata kule shambani wanakohamia wakati wa kilimo. Konokono asiyepata mayai ya minyoo hana cha kumwambukiza mtu.

6. Maji ya kuoga yakitoka mtoni yakae kwenye chombo siku mbili kabla ya kutumiwa. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa.

7. Mwenye mkojo wa damu, kinyesi chenye damu au maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha afike kituo cha afya apimwe, bila aibu.

Kwa viongozi wetu tuna ombi moja. Kila unapochimbwa mfereji au bwawa jipya, mtu wa afya aitwe kabla ya maji kuingia, si baada ya watoto kuugua. Mara nyingi tunaalikwa siku ya uzinduzi, tunapewa kiti cha mbele na soda, lakini siku ya kupanga hatuonekani kuwa na la kusema.

MGENI TUNAYEMKATAA

Kabla ya kumaliza tunataka kuondoa kosa moja. Mkoa wetu umejengwa na watu waliotoka mbali. Wako wafugaji na wakulima waliofika kutoka Shinyanga na Mwanza, na wako waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa makazi Katumba na Mishamo. Asitokee mtu wa kuichukua makala hii akasema kwamba wao ndio wameleta konokono. Madumu yale ya vifaranga yaliagizwa na kamati ya kijiji, kwa nia njema kabisa. Bwana wetu alitufundisha kumkaribisha mgeni, na Wakristo wa huku tunalo la kukumbuka. Adriano Atimani, aliyefika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa mgeni kutoka Afrika Magharibi, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Binadamu akija, mpeni maji. Ila yachungulieni maji anayokuja nayo.

Tulipita tena katika bwawa la yule mzee. Perege wamekua, na watoto wanakula samaki, jambo tunalolifurahia. Konokono nao wapo pembezoni, wengi. Kama ni wale wa zamani au ni wazao wa wale watatu, sisi kwa macho yetu hatuwezi kusema, na hilo ndilo linalotutia hofu. Tulimkuta mzee akiwafukuza wajukuu zake wasiogelee. Akatuambia, "Masista, mara nyingine nitayachuja." Tulimshukuru. Tunawaomba ninyi wengine myachuje mara hii ya kwanza.